Tangi linasoma nyuzi 4, kwa nini maziwa yamechacha?

Msikilizaji mfugaji, ukishamimina maziwa yako kituoni jioni, kazi inabaki kwa tangi la kupozea: liyashushe hadi nyuzi 4 na kuyaweka hapo mpaka gari la kiwanda lifike. Lakini tangi hujuaje kwamba yamepoa? Linategemea kifaa chembamba kama penseli kinachoitwa kihisi joto.

Kihisi kinachotumika sana hutengenezwa kwa madini ya platini. Mafundi hukiita Pt100, kwa sababu kikiwa kwenye nyuzi 0 ukinzani wake wa umeme ni omu 100. Joto likipanda kwa nyuzi 1, ukinzani huongezeka kwa takriban omu 0.385. Kidhibiti, yaani ile kompyuta ndogo ndani ya kabati la umeme, husoma ukinzani huo kupitia moduli ya kupokea vipimo, kisha huamua kuwasha au kuzima kompresa.

Tatizo ni kwamba waya nao una ukinzani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, ukienda mita 14 na kurudi, huongeza karibu omu 1. Kidhibiti hudhani hilo ni joto, kikasoma nyuzi 2.6 zaidi ya ukweli. Ndiyo maana Pt100 nyingi huja na nyaya 3: kwa kawaida nyekundu 2 kutoka mguu mmoja wa kihisi, na nyeupe 1 kutoka mguu wa pili. Waya wa tatu huiwezesha moduli kupima ukinzani wa nyaya zenyewe na kuutoa kwenye hesabu.

Hatari iko hapa. Kiungo cha waya huo wa tatu kikilegea au kikiota kutu, moduli hutoa kupita kiasi. Kioo kitaonyesha 4 huku maziwa yako kwenye 6 na nusu, kompresa imezimwa, na vijidudu vinaongezeka usiku kucha. Asubuhi maziwa yanakataliwa, na hasara ni yako.

Kwa hiyo fundi azingatie haya:

- Nyaya zote 3 ziwe na unene na urefu sawa, zifike mpaka kwenye moduli, na skrubu zikazwe.
- Moduli ipangwe kusoma Pt100 ya nyaya 3.
- Nyaya za kihisi zisilazwe pamoja na nyaya za mota, la sivyo namba zitarukaruka.
- Wavu wa kinga wa kebo uunganishwe na ethi upande mmoja tu, kabatini.

Kuhakiki si gharama. Ponda barafu, changanya na maji safi, tumbukiza kihisi, koroga na usubiri dakika chache. Kioo kinapaswa kusoma 0 au karibu sana na hapo. Kikisoma 3 au kasoro 3, nyaya zikaguliwe kabla ya maziwa ya jioni kupokelewa.

Kwenye mkutano ujao wa ushirika, mwulize msimamizi: kipimo cha barafu kilifanyika lini?