Umehamia waifai mpya, lakini kamera yako bado inatafuta ya zamani

Ukihama kampuni ya intaneti, simu utaiunganisha kabla fundi hajamaliza kushuka ngazi. Runinga itafuata, maana mechi ya jioni haikungoji. Kamera iliyo juu ya mlango ndiyo utakayoisahau. Haipigi kelele, taa yake bado inawaka, na ukipita chini yake unadhani mambo ni shwari. Kumbe inatafuta jina la waifai ambalo halipo tena. Wengi hugundua hivyo siku mtungi wa gesi umetoweka barazani. Ndipo unafungua programu kwa simu na kukuta kamera ilitoka mtandaoni wiki tatu zilizopita.

Na sisi wa Nairobi tunavyohama hama! Leo ofa ya kuunganishiwa bure, kesho umehamia keja Roysambu ambako ploti nzima inatumia kampuni moja tu. Kwa hivyo hii kazi utaifanya tena na tena, afadhali uijue.

Kuna njia ya mkato. Kamera haijui kampuni yako wala haijali ruta ni ya rangi gani. Inachokumbuka ni jina la waifai na paswadi. Ukiipa ruta mpya jina lile lile na paswadi ile ile, herufi kubwa zikibaki kubwa na ndogo zikibaki ndogo, kamera itaingia yenyewe bila wewe kupanda kiti. Namba za kuingilia kwa ruta zimebandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 ama 192.168.100.1. Ziandike kwa kivinjari cha simu, kisha tafuta sehemu ya waifai. Hapo kwa usalama chagua WPA2, kwa sababu kamera nyingi za kitambo hazielewi WPA3.

Lakini fikiria kidogo kabla ya kutumia njia hiyo. Kama paswadi ya zamani ilijulikana na watoto wa ploti nzima, unahama nao.

Ukitaka jina jipya, itabidi uiunganishe kamera upya. Tafuta kitufe kidogo cha riseti, wakati mwingine kimejificha kwenye tundu karibu na memori kadi, ukikandamize kwa sekunde kadhaa mpaka kamera itoe sauti. Halafu fungua programu yake, weka waifai na paswadi, uonyeshe kamera msimbo wa QR ulio kwenye skrini ya simu. Simu ikae kama shubiri moja kutoka kwa lenzi, mwanga wa skrini ukiwa juu.

Hapa ndipo watu hukwama, wakaanza kutukana kamera ya watu bure. Kamera nyingi za bei yetu hushika waifai ya 2.4GHz pekee. Ruta mpya hutoa 2.4 na 5 kwa pamoja, mara nyingi zikiwa na jina moja, na simu yako hukimbilia 5 kwa sababu ina kasi. Hata paswadi iwe sahihi vipi, mtazunguka hapo hadi usiku. Ingia kwa ruta, zipe majina tofauti ama zima 5 kwa dakika kumi. Ukishaunganisha kamera, iwashe tena. Hiyo 2.4 si umaskini, ni afadhali hata. Inapenya kuta za mawe vizuri zaidi, na kamera yako iko nje ya ukuta.

Sasa swali ambalo fundi hatakuuliza: akaunti ya hiyo kamera ni ya nani? Kama aliyekuwekea aliiwasha kwa simu yake halafu akakutumia mwaliko wa kutazama, basi mwenye kamera ni yeye. Anaona sebule, anasikia stori zenu, anajua saa unayotoka. Kwa kamera za aina nyingi, riseti peke yake haimtoi. Programu itakuambia kifaa tayari kina mwenyewe. Mpigie, mwambie aifute kwenye akaunti yake mkiwa pamoja, uisajili kwa namba ama barua pepe yako. Akikataa, andikia huduma kwa wateja wa kampuni ya kamera ukiwa na picha ya namba ya usajili iliyo chini yake. Angalia pia orodha ya ulioshiriki nao. Yule mpenzi wa mwaka juzi pengine bado yumo.

Paswadi ya kiwandani nayo itoe. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilijipenyeza katika kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu paswadi za aina ya "admin" tu, na Oktoba hiyo vifaa hivyo vikatumiwa kuzima Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakuwa na habari.

Ukimaliza, toka nje, zima waifai kwa simu, utumie bando. Kamera ikionekana, iko sawa. Kisha tazama saa iliyo pembeni mwa video, maana riseti huivuruga. Sisi tuko GMT+3, ilhali kamera iliyotoka China huweza kurudi GMT+8. Mwizi aliyeingia saa tatu usiku ataonekana ameingia saa nane, na pale stesheni, OB ikiwa imeandikwa saa tatu, afisa atakuuliza ni usiku gani hasa unaozungumzia.