Alianza na Kondoo, Akaokoa Watoi: Mjue Daktari Aliyefungua Mapafu ya Watoto Njiti

Mtoi akizaliwa kabla ya siku zake kufika, shida kubwa huwa ni pumzi. Kama unajua msee alizaliwa hivyo na leo yuko fiti mtaani, kuna jina unafaa kujua: Graham Liggins wa New Zealand, maarufu kama Mont.

Cheki vile mambo yalikuwa. Mwaka wa 1963, Rais wa Marekani John F. Kennedy alipata mtoto, Patrick, wiki 5 na nusu kabla ya wakati. Doh ilikuwa, madaktari walikuwa. Siku 2 baadaye mtoi akaaga. Mapafu yalikataa.

Mbona yakatae? Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa, na kila kimoja hupakwa utelezi fulani ndani. Bila huo utelezi vinashikana, kama karatasi ya nailoni iliyolowa maji. Mwili huutengeneza kwa wingi wiki za mwisho za mimba, so ukitoka mapema, hautoshi.

Liggins alikuwa daktari wa wamama kule Auckland, na enyewe hakuwa anatafuta dawa ya mapafu. Alitaka kujua nani huanzisha uchungu wa kuzaa: mathe ama mtoi? Akaingia kwa kondoo. Akapata kwamba kwa kondoo, mtoi ndiye hupuliza firimbi, kupitia homoni ya kotisoli. Alipowapa wanakondoo walio tumboni dawa ya aina hiyo, walizaliwa mapema sana. Kwa umri wao, hawangefaa hata kupumua. Lakini mmoja akapumua. Kufungua mapafu yake, yalikuwa yameanza kukomaa.

Msee mwingine angesema ni bahati tu. Liggins na mwenzake Ross Howie, daktari wa watoto, wakajaribu sindano hiyo kwa wamama 282 waliokuwa karibu kujifungua mapema. Majibu yakatoka 1972: bila dawa, watoi 25.8% walipata shida ya pumzi. Kwa waliopewa, ni 9% tu.

Noma ni kwamba madaktari wengi walizubaa. Marekani iliipendekeza rasmi 1994, miaka 22 baadaye. Fikiria watoi waliozikwa hapo katikati.

Kenya pia iko kwa hii stori. Mwaka wa 2020, utafiti wa WHO ulihusisha wamama 2,852 wa Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Walitumia deksamethazoni, dawa ya bei ya chini. Vifo vya watoi vilishuka kutoka 23.5% hadi 19.6%. Lakini hiyo ilikuwa kwa hospitali zilizo na huduma nzuri. Utafiti mwingine wa 2015, uliofika Kenya pia, ulionyesha kwamba kusambaza sindano pahali huduma ni duni hakupunguzi vifo vya hao watoi wadogo.

Sasa wewe unahusika aje? Kama siz, bibi ama wewe mwenyewe una ball, na kabla ya wiki 34 maji yanavuja, damu inatoka ama tumbo linakaza na kuachilia, usingoje asubuhi. Usinunue dawa kwa chemist. Kimbia hospitali yenye mashine za watoto njiti. Sindano hufanya kazi poa ikipata kama siku moja kabla mtoi atoke, so kila saa unayokaa nyumbani unamnyima.