Je, Wajua? Mtayarishaji wa Filamu Korofi za Denmark

• Je, wajua kwamba Denmark imetwaa Oscar ya filamu bora ya kimataifa (zamani ikiitwa ya kigeni) mara 4, na filamu 2 kati ya hizo zilitayarishwa na mtayarishaji Sisse Graum Jørgensen? Ni Hævnen, iliyoshinda 2011, na Druk, 2021.

• Hata hivyo, tuzo hiyo haitolewi kwa mtayarishaji. Ni ya nchi, na anayepanda jukwaani kuipokea ni mwongozaji.

• Wajua kwamba Hævnen ina mkono wa Afrika Mashariki? Inamhusu daktari Mswidi anayeishi Denmark na kutibu wakimbizi barani Afrika, na sehemu hizo za Afrika zilipigwa picha nchini Kenya. Mwongozaji alikuwa Susanne Bier.

• Kabla ya hapo Jørgensen na Bier walitoa Brødre (2004) na Efter brylluppet (2006). Hollywood ilizitengeneza zote upya, 2009 na 2019. Katika ile ya pili, wahusika wakuu wa kiume wakageuzwa wanawake: Julianne Moore na Michelle Williams.

• Je, wajua Jagten (2012), nayo ya Jørgensen, inahusu nini? Mfanyakazi wa chekechea anasingiziwa kumdhulumu mtoto, na kijiji kizima kinamgeuka. Ni mada ambayo wenye fedha wengi wangeikwepa. Mads Mikkelsen, aliyemwigiza mfanyakazi huyo, aliondoka Cannes na tuzo ya mwigizaji bora.

• Katika Druk, walimu 4 wa sekondari wanakubaliana kunywa pombe kidogo saa za kazi, ili kujaribu dai kwamba binadamu huzaliwa na upungufu wa kilevi wa asilimia 0.05 katika damu. Siku chache tu baada ya upigaji kuanza, binti wa mwongozaji Thomas Vinterberg alifariki katika ajali ya gari. Kazi iliendelea, na filamu ikatolewa kwa kumbukumbu ya binti huyo.

• Kampuni ambako Jørgensen alitayarisha filamu hizi, Zentropa, ilianzishwa 1992 na mwongozaji Lars von Trier na mtayarishaji Peter Aalbæk Jensen. Makao yake yalikuwa kambi ya zamani ya jeshi huko Avedøre, nje kidogo ya Copenhagen.

• Mwaka 1995 von Trier na Vinterberg walitangaza Dogme 95, amri 10 za kutengeneza filamu: kamera ishikwe mkononi, muziki usipachikwe baadaye, na jina la mwongozaji lisitajwe!

• Filamu ikikukuna, usiinuke upesi. Subiri majina yapite, umtafute mtayarishaji: ndiye aliyekubali kuibeba hatari kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.