Pombe Iliyolala Katika Mtungi

Wenzangu wa vijiji, siku 2 zimepita, pombe ya masaka haina povu. Msiimwage upesi: masaka yale ni chakula cha nyumba. Onjeni kwanza, ndipo mtajua sababu.

Kama uji ni mzito, tena hauna utamu, kimea kilitiwa katika uji unaochemka. Moto ule umeua nguvu ya kimea. Pasheni uji tena, lakini usichemke. Uondoeni motoni, tieni kimea kipya, koroga, funikeni. Uji utakuwa mwepesi na mtamu. Ukiisha kuwa vuguvugu, tieni kimea kidogo tena.

Kama uji ni mtamu lakini umenyamaza, chachu inalala. Chachu ni vidudu vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Vinakula utamu, vinatoa povu na ukali. Baridi inavilaza, moto mkali unaviua. Huku Katanga usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni wa baridi. Basi wekeni mtungi karibu na mafiga, uzungushieni gunia. Ukiwa vuguvugu, tieni kikombe cha pombe ya jirani inayochacha vizuri.

Lakini kimea chenye ukungu kina sumu: kitupeni, hata kuku wasile.

Tena, msitie pombe katika pipa lililochukua dawa za mgodi. Kuliosha hakutoshi; ukali wa pombe unatoa sumu katika chuma. Mtungi wa udongo unafaa.