Kughani Shairi la Lugha ya Mbali

Wajukuu zangu, njooni tukae. Leo nawaeleza mashindano ambayo mshindi wake hapigi mpira wala hakimbii. Anasimama peke yake mbele ya watu, mikono mitupu, hana hata karatasi. Anaghani shairi lililotungwa na mtu asiyemjua, kwa lugha ambayo mama yake hakumbembelezea nayo. Wasikilizaji wakicheka penye kicheko na kunyamaza penye uchungu, ujue amefanya kazi yake.

Mashindano ya namna hii yapo, tena hayako mbali. Ukivuka mpaka pale Namanga unaingia Kenya, na huko kuna Tamasha la Muziki lililoanza mwaka 1927. Jina ni la muziki, lakini wanafunzi hughani mashairi pia: ya Kiswahili, ya Kiingereza, ya Kifaransa, ya Kijerumani na ya Kiarabu. Mwanafunzi huanzia karibu na shuleni kwake, akishinda hupanda hadi kaunti, kisha kanda, na walio bora hufika ngazi ya taifa. Marekani nao wana mashindano yao ya wanafunzi wa sekondari, yaitwayo Poetry Out Loud, yaliyoanza 2005. Bingwa wa taifa huondoka na dola 20,000. Kanada wana Poetry in Voice, yaliyoanzishwa 2010, na kule wapo vijana wanaoghani kwa Kiingereza na kwa Kifaransa katika shindano lilelile.

Na sisi hapa Babati? Tuyabuni yetu, tuone yangekwendaje. Tuseme yuko msichana wa kidato cha tatu, kwao ni Bonga. Nyumbani wanasema Kigorowa, sokoni anasema Kiswahili, darasani anasoma kwa Kiingereza. Dawati moja na yeye anakaa kijana wa Kirangi ambaye kila jioni huenda madrasa. Mwalimu ametangaza mstarini kwamba muhula huu shule itashindana kughani mashairi ya lugha za kigeni. Msichana anachagua shairi la Kiingereza. Kijana anachagua kasida ya Kiarabu.

Msichana anafungua kitabu cha Summons, mkusanyiko wa mashairi ya Watanzania uliohaririwa na Richard Mabala mwaka 1980. Hicho, pamoja na Growing Up with Poetry cha David Rubadiri cha 1989, ndivyo vitabu ambavyo wanafunzi wetu wamevisoma kwa miaka mingi kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Wanatafuta dhamira, wanatafuta ujumbe, wanaandika majibu. Sauti ya shairi lenyewe inaweza kubaki imelala kwenye karatasi mpaka mwaka unakwisha.

Binti huyu ana kichwa chepesi. Kabla wiki haijaisha ameshalikariri lote. Anamghania shangazi yake jikoni, bila kukwama hata mahali pamoja. Shangazi anageuza ugali, anamuuliza, "Haya mwanangu, huyo mtu analalamika au anashukuru?" Msichana hana jibu.

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Usikariri shairi la kigeni kabla hujaweza kulisimulia kwa lugha yako. Chukua daftari, lieleze kila ubeti kwa Kiswahili, au kwa Kigorowa, au kwa lugha yoyote unayootea ndoto. Neno lisiloeleweka lifuate kwenye kamusi, na kamusi ikishindwa mfuate mwalimu. Wakubwa wetu walifanya hivyo. Shaaban Robert alizichukua beti za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi aliyefariki katika karne ya 12, akazipitia katika tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald, akatupatia Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima mabegani, alipata muda wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotoka 1969. Mtu hawezi kutafsiri mstari ambao hajauelewa. Zoezi hilo ndilo kipimo cha kwanza, na unaweza kujipima mwenyewe nyumbani.

Ukishaelewa, hesabu. Katika somo la Kiswahili mmefundishwa kwamba mshororo wa shairi letu la kimapokeo huwa na mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na vina kati na mwisho. Sasa ukiingia lugha nyingine, usiende na kipimo cha nyumbani. Mstari ambao Shakespeare aliupenda una silabi kumi, lakini anachohesabu zaidi ni mapigo: silabi dhaifu, silabi nzito, mara tano, na mara nyingi hakuna vina kabisa. Wafaransa wana mstari mashuhuri wa silabi 12 wenye kituo baada ya silabi ya sita. Waarabu hupanga silabi ndefu na fupi kwa bahari mbalimbali, na aliyeziainisha bahari hizo ni Al-Khalil bin Ahmad, anayesemekana kuwa mzaliwa wa Oman, aliyefundisha Basra katika karne ya 8.

Kwa nini hesabu hii ina maana kwa mghani? Kwa sababu Kiswahili kina desturi yake: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Ukiubeba mkazo huo kwenda nao kwenye Kiingereza, pigo la mshairi linavunjika, na msikilizaji anasikia maneno bila kusikia shairi. Basi msichana wetu anachukua penseli, anaweka alama juu ya kila silabi nzito, anatembea nalo njiani akipiga hatua moja kwa kila pigo, mpaka miguu yenyewe ilijue.

Sasa njooni kwenye sauti, mahali ambapo mtoto wa Babati ana utajiri asioujua. Siku moja kijana anamwomba msichana amsikilize kasida yake. Kila akifika kwenye ile "ha" ya Kiarabu inayotoka katikati ya koo, anahangaika, kwa kuwa Kirangi chake hakina sauti hiyo. Msichana anaitamka mara moja, safi, bila kufundishwa. Si ajabu. Kigorowa na Kiiraqw vinayo. Wairaqw huiandika kwa hh. Hata ile "ain" inayowapa wageni shida miaka na miaka, bibi yake msichana huyo, aliyeko Bonga, anaitamka akiita mbuzi. Kwa upande wake kijana anamfundisha pumzi: mahali pa kuivuta na namna ya kuitunza ifike mwisho wa mstari, kwa kuwa madrasa wanasoma Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18, na huko mwenye pumzi fupi hajifichi.

Tazameni mkoa wetu wa Manyara. Kigorowa na Kiiraqw ni Kikushi. Kibarabaig na Kimaasai ni Kinailoti. Kirangi na Kimbugwe ni Kibantu. Kule Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadza wana lugha yao yenye vidoko, isiyojulikana kuwa na ndugu. Mtoto aliyekua katika mji huu ameshazoea kusikia asichokielewa akakitafutia maana. Na kusema mbele ya watu si jambo la kuletewa pia: Wairaqw wana slufay, maneno ya sala na baraka yaliyopangwa kishairi, ambayo mzee huyatamka na waliokaa wakamwitikia. Huyo mzee hana karatasi mkononi.

Siku ya mashindano imefika. Majaji wanatazama nini? Kwenye Poetry Out Loud huangalia namna mghani anavyosimama na kujimiliki, sauti na matamshi yake, na kama ameonyesha kulielewa shairi. Huangalia pia kama hisia zake zinalingana na maneno, wala hazizidi. Kisha kuna usahihi: neno likirukwa au likibadilishwa, alama zinapungua. Mavazi ya maigizo na vifaa vya mkononi haviruhusiwi. Vijana wengi hudhani kughani ni kupunga mikono na kupaza sauti. Sivyo. Mghani wa shairi ni mtungi, na mtungi mzuri haumwagi maji njiani. Msichana anasimama, anataja jina la shairi na la mtunzi, ananyamaza kidogo, kisha anaanza. Mahali pale alipoulizwa na shangazi, sauti yake inashuka yenyewe, kwa kuwa sasa anajua mtu yule analalamikia nini.

Ameshinda? Hilo nawaachia, kwa sababu tuzo si jambo kubwa kuliko yote hapa. Kubwa ni kwamba kwa dakika mbili au tatu amesema "mimi" kwa niaba ya mtu asiyemjua, akamtendea haki. Anayejifunza kumtendea haki mgeni katika shairi atajua kumsikiliza jirani anayesema lugha nyingine sokoni. Nasi Babati, palipo na majirani wengi wa lugha nyingi, tunauhitaji ujuzi huo kuliko kombe lolote.

Kwa hiyo msisubiri barua kutoka wizarani. Mkifungua shule, mwombeni mwalimu wa Kiingereza dakika kumi za mstarini kila Ijumaa. Aliye na Kiarabu alete Kiarabu, aliye na Kifaransa alete Kifaransa. Kila mshiriki kwanza aeleze shairi kwa Kiswahili, kisha alighani kwa lugha iliyotumiwa na mtunzi, na asiyeweza kulieleza asubiri Ijumaa inayofuata. Waiteni wazee wenye masikio wakae na walimu kwenye meza ya majaji, na kila jaji amwambie mghani waziwazi, mbele ya wenzake, alipofanya vema na anapopaswa kurekebisha. Muhula mmoja ukipita hivyo, mtakuwa mmeanza mashindano yenu wenyewe, na shule ya jirani itataka kujua inaingiaje.