Marahubi: Jumba Limekwenda, Hamamu Imebaki

Jumba la Marahubi liliungua mwaka 1899. Ukitoka Mji Mkongwe wa Unguja kuelekea kaskazini, baada ya kilomita chache utakuta nguzo nene zilizokuwa zikibeba baraza pana la ghorofani. Sasa hazibebi kitu. Pembeni kuna hamamu, mfereji wa maji uliopitishwa juu, mabirika yenye mayungiyungi, na ukuta wa mawe wa bustani ya miembe. Kwa nini vijengo vya uani vimedumu kuliko jumba lenyewe?

Jibu liko kwenye ujenzi. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilijenga jumba kati ya 1880 na 1882 kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Majumba ya Unguja ya enzi hizo yalikuwa ya mawe na chokaa, lakini sakafu za juu zililazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti zikiungua, dari huporomoka na vichwa vya kuta hubaki wazi. Hapo mvua za masika huingia ndani ya ukuta, chokaa ikalegea, na mawe yakaanza kuachana moja baada ya jingine.

Hamamu ni mambo mengine. Penye mvuke na maji kila siku mbao huoza, kwa hiyo mafundi hutegemea mawe na chokaa. Birika nalo ni hivyo hivyo. Hata moto ungefika huko, usingepata cha kula. Walioidhuru hamamu ni watu: marumaru zake ziliibwa.

Ukuta wa bustani nao ni wa mawe; inasimuliwa kuwa Barghash aliiga kuta alizoziona Uingereza mwaka 1875.

Msomaji wa Nyamianda, hapa Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, asidhani habari hii ni ya mbali. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, Uvira ilikuwa tayari soko kubwa la kaskazini mwa ziwa, la pembe za ndovu na la watumwa. Pembe zilivushwa hadi Ujiji, zikapita Tabora, zikashuka pwani, na Sultani akatoza ushuru. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873; pembe ziliendelea kushuka. Ndiyo maana siwezi kuitazama Marahubi kama uzuri mtupu: utajiri uliomwezesha Sultani kujenga vile ulichangiwa na watu wa ufuko wetu, waliotoa bila kulipwa haki yao.

Wageni wengi hupiga picha nguzo, kisha huondoka. Mimi ningeanza na mfereji. Nguzo zinaonyesha fahari ya mwenye nyumba. Mteremko wa mfereji na ujazo wa mabirika vinaweza kupimwa hata leo, na vikipimwa vitatusaidia kukadiria maji mangapi yaliweza kupitishwa na kuhifadhiwa, na hivyo ukubwa wa kazi ya watumishi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Fedha ya ukarabati ikipatikana, ianzie huko.