Mbona Mjomba Bado Anameza Vidonge?

Mjomba wangu alipandikizwa figo. Juzi alitaka kuacha dawa, eti ameshapona. Nilimweleza hivi.

Ndani ya chembe nyeupe za damu mna kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini, cha jamii ya fosfatasi. Kazi yake ni kubandua fosfati kwenye protini fulani. Ikishabanduliwa, protini hiyo huingia katika kiini cha chembe na kuamsha jeni za vita. Hapo chembe huanza kuishambulia figo ngeni, maskini, kana kwamba ni adui! Vidonge vya takrolimasi hukifunga kimeng'enya hicho mikono. Jambo hili liligunduliwa mwaka wa 1991. Dawa ikizidi yaweza kuidhuru figo yenyewe, ndiyo sababu mjomba hupimwa damu kila mara.

Alinyamaza kidogo, kisha akaitisha maji ya kumezea.